Othello Gani kwa Darasa la Mwaka wa Pili?

Walimu wenzangu, hasa walioajiriwa juzi, huniuliza sana: "Dada, Othello ya kununulia wanafunzi ni ipi?" Jibu la haraka ni toleo la Folger, lile la wahariri Barbara Mowat na Paul Werstine. Lakini jibu la haraka halimsaidii mtu aliyesimama dukani mbele ya rafu yenye Othello chungu nzima, zote na jina lile lile mgongoni, kila moja na bei yake. Nafundisha tamthilia katika chuo kikuu hapa Mombasa, na Othello ya Shakespeare ndiyo ninayorudi nayo kila mwaka. Matoleo mengi yamepita mikononi mwangu na mwa wanafunzi wangu, kwa hiyo nitasema ninavyoyaona, upendeleo wangu ukiwa wazi.

Kwanza hali yenyewe. Wanafunzi wangu wanatoka Lamu, Kilifi, Taita, wengine bara. Kiingereza kwa wengi ni lugha ya tatu, na wanakimudu vizuri tu. Ila Kiingereza cha mwaka 1604 hakuna aliyezaliwa nacho, hata huyo Mwingereza wa leo. Shuleni wengi walisoma A Doll's House ya Ibsen kama kitabu cha lazima, wakazoea tamthilia ya sebuleni ambamo watu wanazungumza kama watu. Ukiwapa Othello tupu isiyo na maelezo, wanaingia lile onyesho la kwanza, Iago, yule atakayemlaghai Othello, na Roderigo wakinong'onezana gizani, wanapotea, na wiki ya pili wanakujia na muhtasari waliouokota kwenye intaneti. Ukiwapa iliyosheheni maelezo juu, chini na nyuma, hawafiki kwenye tamthilia kabisa. Wanasoma mhariri.

Halafu kuna simu. Siwezi kuzikataza na sitaki. Bando ni rahisi kuliko kitabu, na matini ya Shakespeare yamejaa bure mtandaoni. Shida ni kwamba matini hayo hayafanani na kitabu, na mwanafunzi hana njia ya kujua hivyo.

Nitatoa mfano mmoja. Tulikuwa kwenye hotuba ya mwisho ya Othello, ile anayoitoa baada ya kumuua mkewe Desdemona kwa wivu, kabla ya kujichoma kisu. Msichana aliyekuwa akisoma kwa sauti, kutoka simuni, akafika pale Othello anapojifananisha na "Indian" aliyeitupa lulu yenye thamani kuliko kabila lake zima. Jirani yake, mwenye Folger mkononi, akainua kichwa. "Kwangu si Indian, ni Judean." Darasa likachangamka. Mwingine, ambaye babu yake alikuja kwa jahazi kutoka Kachchh, India, akadakia: "Mwalimu, na Mhindi gani huyo asiyejua bei ya lulu?" Tulicheka sana, lakini swali lile ndilo lililobeba kipindi chote kilichobaki.

Wote wawili walikuwa wakisoma sawasawa. Othello ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1622, miaka sita baada ya Shakespeare kufa, katika kijitabu cha aina ya Kwarto, yaani karatasi iliyokunjwa mara mbili. Mwaka uliofuata ikatoka tena ndani ya Folio, lile buku kubwa lililokusanya tamthilia zake. Kwarto inasema "Indian". Folio inasema "Iudean", maana siku hizo herufi I ilifanya pia kazi ya J. Yaandike maneno hayo mawili ubaoni, moja chini ya lingine, uone yalivyokaribiana: n ukiipindua ni u, na i na e hazimsumbui sana mpanga herufi mwenye haraka. Upande mmoja una mtu wa mbali asiyejua thamani ya alichoshika. Upande wa pili una Myahudi, labda Yuda aliyemuuza Yesu, labda Mfalme Herode aliyemuua mkewe Mariamne kwa wivu. Kutojua ni jambo moja, kusaliti ni jambo lingine kabisa. Unavyomhukumu Othello dakika ile ya mwisho kunategemea kitabu ulichonunua.

Matini mengi ya bure chimbuko lake ni toleo la Globe la mwaka 1864. Limechagua "Indian" na kunyamaza. Simu haikuambii kwamba kulikuwa na kuchagua.

Hapo ndipo Folger iliponiteka. Mowat na Werstine wameijenga Othello yao juu ya Folio, na kila walipochukua neno kutoka Kwarto wamelizungushia mabano yenye ncha, pale pale ndani ya mstari. Hawakulipeleka kwenye kiambatisho cha nyuma wala kwenye tanbihi ya herufi za sisimizi. Mwanafunzi anayaona atake asitake, na kabla hujafika ukurasa wa kumi lazima mmoja aulize mabano haya ni ya nini. Swali hilo likishaulizwa, kazi yangu nusu imekwisha: wamejua kwamba kuna watu waliokaa mezani wakaamua Shakespeare aseme nini.

Mabano ya mwanzo mwanzo yanafurahisha zaidi. Iago yuko usiku chini ya dirisha la Brabantio, ambaye binti yake Desdemona ameolewa na Othello kwa siri, anampigia kelele kwamba ameibiwa, na anaapa kwa majeraha ya Mungu. Kiapo kile kimo ndani ya mabano, maana kipo kwenye Kwarto na kwenye Folio hakipo. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwatoza waigizaji pauni 10 kila wanapolitaja jina la Mungu jukwaani kwa mzaha, na wataalamu wengi wanaona hiyo ndiyo sababu ya viapo zaidi ya 50 kufutwa au kulainishwa kwenye Folio. Basi tuna Iago wawili, mmoja mwenye mdomo mchafu na mmoja aliyeogeshwa. Wape wanafunzi wawili wasome mbele ya darasa, kila mmoja na Iago wake, halafu waulize wenzao yupi wangemwamini. Jibu huwa linanishangaza: wengi huniambia yule anayeapa. Wanasema mtu anayeapa hovyo anaonekana hana cha kuficha.

Kasoro ya mabano haya niiseme pia. Yanaonyesha kilichotoka Kwarto, lakini hayaonyeshi kilichokosekana huko. Folio ina mistari kama 160 isiyokuwemo kwenye Kwarto, na baadhi yake ni ile ambayo darasa langu, lenye wasichana wengi, huipenda kupita yote. Wimbo anaouimba Desdemona usiku wake wa mwisho umo humo. Maneno ya Emilia, mke wa Iago, yamo humo, pale anapowaambia waume wajue kwamba wake zao wana hisia kama wao, wanaona na kunusa, na ndimi zao zinajua tamu na chungu. Aliyenunua Kwarto London mwaka 1622 hakuyasoma maneno hayo. Katika Folger yamesimama bila alama yoyote, kwa hiyo mwalimu usipowafungulia orodha ya tofauti iliyo nyuma ya kitabu, mwanafunzi atamaliza muhula bila kujua.

Mpangilio wa kurasa sasa. Tamthilia iko kulia, maelezo kushoto, mstari kwa mstari. Jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kama mtu atasoma au hatasoma. Chukua pale Othello anaposema kwamba akigundua Desdemona ni ndege mwitu atamwachia aende na upepo, hata kama kamba za miguuni mwake ni nyuzi za moyo wake Othello mwenyewe. Picha nzima ni ya kipanga wa kuwinda. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba, ambao mchezo huo wanao hadi leo, wangeelewa bila msaada. Kijana wa Kilifi hajawahi kumwona kipanga amefungwa kamba. Katika Folger anageuza jicho kushoto, anapata maana, anarudi, na pumzi ya mstari haijakatika. Katika Penguin maelezo yako nyuma ya kitabu, na Wordsworth vivyo hivyo. Nimewatazama wakisoma Wordsworth: mara ya kwanza anafungua nyuma, mara ya pili anafungua nyuma, mara ya tatu anaacha. Wordsworth ni ya bei rahisi kuliko zote na Cedric Watts aliyeihariri si mtu wa kubeza, lakini kwa darasa hili urahisi ule ni hasara.

Faida nyingine ni nafasi. Pale ambapo mstari hauhitaji maelezo, ukurasa wa kushoto unabaki mtupu au unawekewa picha ya kale kutoka maktaba ya Folger yenyewe, iliyoko Washington tangu 1932. Wanafunzi wangu wanajaza nafasi hiyo kwa kalamu. Naziona Folger zilizopokezanwa kutoka kwa dada kwenda kwa mdogo wake, kushoto kuna Kiingereza cha Mowat na Werstine kikifuatwa na Kiswahili cha Malindi kwa wino wa bluu. Karibu na jina la Iago mmoja ameandika "mbea wa mtaa". Sijaona tafsiri bora.

Lililo bora zaidi kwa mfuko wa mwanafunzi ni kwamba maktaba hiyo imeweka matini yake bure mtandaoni, yenye mabano yale yale na namba zile zile za mistari. Maelezo ya kushoto hayamo. Mwenye uwezo ananunua kitabu, asiye na uwezo anapakua, na darasa linakutana kwenye mstari mmoja. Sasa sheria yangu ni hiyo: simu ruhusa, mradi iwe imefungua Folger. Na ninaisisitiza kwa sababu namba za Folger haziendi sambamba na za wengine. Mstari wa lulu, katika tendo la tano onyesho la pili, kwenye Folger uko juu ya 400. Kwenye Arden uko 340 na ushee. Ukitoa swali la mtihani kwa namba bila kutaja toleo, umejitafutia foleni nje ya ofisi.

Inachopungukiwa Folger ni nyama. Maelezo ni mafupi, yanakupa maana ya neno na kukuaga. Utangulizi unafaa mtu wa sekondari kuliko wa chuo. Insha ya Susan Snyder mwishoni ni nzuri, ila ni moja tu. Hadithi ya Mwitaliano Cinthio ya mwaka 1565, ambayo Shakespeare aliichukua akaigeuza, haimo. Hiyo inaniudhi, kwa sababu wanafunzi wakiisoma wanaishiwa na hofu ya Shakespeare palepale. Katika Cinthio yule Mmoor, ndiye Othello wetu, hana jina. Desdemona hauawi kwa mto. Anapigwa kwa soksi iliyojazwa mchanga, kisha wauaji wanaiangusha dari ili ionekane ni ajali. Ukiwaonyesha hilo, wanaanza wenyewe kuuliza kwa nini Shakespeare alitoa soksi akaweka kitanda.

Kwa hiyo mezani kwangu mimi inakaa Arden, mfululizo wa tatu, ya E. A. J. Honigmann. Ilitoka 1997, na mwaka 2016 ikatolewa upya na utangulizi mpya wa Ayanna Thompson. Tafuta hiyo ya 2016. Thompson anajua kwamba swali la kwanza la msomaji wa leo ni nani aliyesimama jukwaani na uso wake ulikuwa wa rangi gani, na kwa jinsi gani, na halikwepi. Kwetu huku, ambako kijana anasoma tamthilia hii akijua fika kwamba kwa karne nyingi Othello aliigizwa na Wazungu waliojipaka masizi, huwezi kuanza kwingine. Ira Aldridge, mwigizaji Mmarekani Mweusi, alipanda jukwaa la Covent Garden mwaka 1833, Mmarekani Mweusi mwingine, Paul Robeson, akaigiza London mwaka 1930 na Broadway mwaka 1943. Kuanzia hapo darasa lina la kusema.

Lakini Arden kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, hapana. Kuna kurasa ambazo mistari ya Shakespeare imebanwa juu kabisa, michache mno, na chini yake tanbihi zimetanda mpaka ukingoni, za wahariri wanaojibizana na wahariri waliokufa. Mimi nazifurahia. Mwanafunzi anaona ukuta. Na bei ya Arden moja inakaribia Folger mbili.

Hapa nina onyo, na ni la dhati. Ukienda kwa wauza vitabu vya mitumba utakutana na Arden nyingine, ya M. R. Ridley, ya mwaka 1958. Inauzwa bei ya chai na inaonekana ya heshima. Ridley aliiegemea zaidi Kwarto, jambo ambalo lenyewe halina ubaya, na ukitaka kulinganisha ni kitabu cha faida. Utangulizi wake ndio wenye mambo. Anafika kwenye rangi ya Othello, na anajitwika kazi ya kumhakikishia msomaji wa Ulaya kwamba mtu akiwa mweusi si lazima aonekane kama aliyepungukiwa ubinadamu. Anafikiri anamtetea. Nilimpa kijana mmoja aisome aya hiyo kwa sauti darasani. Alipofika katikati alinyamaza, akanitazama, akauliza, "Mwalimu, ni lazima niendelee?" Nikamwambia aendelee. Alimaliza, na kwa muda hakuna aliyezungumza, kisha wakazungumza wote kwa pamoja. Insha za wiki ile zilimhusu mhariri kuliko Othello, na zilikuwa na ukali ambao sijawahi kuupata kwa swali la kawaida la "jadili wivu". Basi nakala moja ya Ridley iwepo maktaba, kwa kazi hiyo maalumu. Kuwanunulia watu hamsini kama kitabu cha kiada bila neno lolote ni jambo la kuogopa, na naliona likifanyika, kwa kuwa tu ilikuwa rahisi.

Mengine nayapitia kwa haraka. Oxford ya Michael Neill, ya 2006, ni ya msomi hasa, utangulizi wake peke yake unatosha kuwa kitabu. Mpe mwanafunzi wa uzamili. New Cambridge ya Norman Sanders ni ya wastani kwa kila kitu, na toleo lake la tatu la 2018 lina utangulizi mpya wa Christina Luckyj. Kama idara yenu tayari inazo, msizitupe. Signet ni ndogo, maelezo yako chini ya ukurasa, na haikosei sana. Norton Critical ya Edward Pechter inakupa Cinthio na wahakiki wa karne baada ya karne, akiwemo Thomas Rymer aliyeicheka tamthilia nzima mwaka 1693 kwa sababu imezungushwa juu ya leso. Nikifundisha mwaka wa nne, hiyo ndiyo ningeichagua. Bedford ya Kim F. Hall, ya 2007, nayo ni hazina ya nyaraka: utakutana humo na al-Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada aliyekulia Fes, akatekwa na maharamia mwaka 1518 na kukabidhiwa kwa Papa, Ulaya ikamjua kwa jina la Leo Africanus. Kitabu chake kuhusu Afrika kilitafsiriwa Kiingereza mwaka 1600. Mwaka huo huo balozi wa Moroko, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikuwa London kwa Malkia Elizabeth, na picha yake iliyochorwa wakati ule ipo hadi leo: kilemba cheupe, upanga, macho makali. Nikiionyesha, wanafunzi wa pwani husema anafanana na mjomba wa fulani.

No Fear, ile yenye Shakespeare kushoto na Kiingereza cha leo kulia, sitaki kuisema kwa dharau kwa sababu najua wanayo wote, imefichwa chini ya daftari. Inawasaidia kujua nini kimetokea. Lakini jicho la binadamu huenda kwenye urahisi, na baada ya kurasa tatu upande wa kushoto umekuwa pambo. Nimewaambia waisome nyumbani kama wanavyotazama filamu, ila darasani isitokeze.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona kwenye toleo lolote kati ya haya, na si haki kuwalaumu wahariri wa mbali kwa hilo. Kila utangulizi unaeleza vita vya Kupro vya 1570 na 1571, Waturuki walipoinyang'anya Venice kisiwa kile. Ndiyo hofu inayowapeleka Othello na Desdemona baharini. Lakini Waturuki hao hao walifika kwetu. Mir Ali Bey alikuja pwani hii na meli zake katika miaka ya 1580 kuwasumbua Wareno, na mwaka 1589 alikamatwa hapa hapa Mombasa. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya hofu ile, na aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Mwanafunzi wangu anayepita Ngomeni kila siku kwenda kupanda matatu hana haja ya kuikisia Kupro.

Kwa hiyo tendo la pili tunalisomea kule, juu ya ukuta unaotazama mlango wa bahari. Ni pale Montano, liwali wa Kupro, na wenzake wanapokodoa macho kutafuta tanga katika dhoruba na hawaoni kitu ila mawimbi. Kusi ikivuma unaelewa kwa nini wanapaza sauti. Unaelewa pia kitu kuhusu vitabu ambacho dukani hakionekani. Fotokopi zote zilipeperuka, mbili zikaishia majini. Norton ilihitaji mikono miwili na mtu wa kuzuia kurasa. Folger, kwa udogo wake, inashikika kwa mkono mmoja, dole gumba katikati, na mkono wa pili unabaki huru kuonyesha meli. Aliyekuwa Montano siku ile alikuwa na Folger, na alisikika.

Kwa tamthilia zilizotafsiriwa hesabu inabadilika, kwa maana unachonunua hasa ni mfasiri. A Doll's House ya Michael Meyer, ya James McFarlane katika Oxford, na ile ya Penguin ya 2016 ya Deborah Dawkin na Erik Skuggevik ni Nora, mhusika mkuu, watatu wenye sauti tatu, na za bure mtandaoni ni za kina William Archer, za zama za Malkia Victoria. Mimi naipenda ya Penguin, lakini muhimu kuliko penda yangu ni darasa zima liwe na mfasiri mmoja. Kinyume chake mtatumia nusu saa kugombania sentensi ambayo Ibsen hakuiandika. Kwa Sofokile, yule Mgiriki wa kale, angalia namba za mistari: Robert Fagles wa Penguin anahesabu mistari ya tafsiri yake, na zile za Kigiriki ameziweka juu ya ukurasa, ilhali tafsiri za Chicago zinafuata za Kigiriki. Makala ya uhakiki yatakayosomwa na wanafunzi wako karibu yote yanataja za Kigiriki. Na wanaofundisha kwa Kiswahili wanazo Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Mwalimu Nyerere, zote zilizotolewa na Oxford mwaka 1969, ya kwanza ikiwa ni marekebisho ya tafsiri yake ya 1963. Ningezipa somo lake peke yake, si kuziweka kando ya Shakespeare kama ngazi ya kumpandia.

La mwisho ni la ununuzi. Jina la Folger kwenye jalada halitoshi. Kuna Othello ya Folger ya zamani, ya Louis B. Wright na Virginia LaMar, ya 1957, na kwa mitumba bado inazunguka. Ni kazi nyingine kabisa. Mistari haitalingana na ya wenzako wala na ya mtandaoni. Ukiagiza kwa wingi kwa njia ya simu, taja Mowat na Werstine kwa majina, na kabla hujatuma M-Pesa mwambie muuzaji akupigie picha kurasa mbili za katikati zikiwa wazi. Tamthilia iwe kulia, maelezo kushoto, na mabano yenye ncha yaonekane.